Dereva na Wajerumani Wawili

Wale Wajerumani wawili hawakuwahi kuwapo. Niliwabuni mimi, katika chumba cha hoteli moja ya Lodwar, feni ikizunguka juu ya kichwa changu bila faida yoyote, na kwa miaka sita nimelikana jambo hili mbele ya kila aliyeniuliza, akiwemo mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuuliza. Niliwapa mpaka sura: mume mwembamba, mke mwenye kofia pana. Kwa niaba yao nilijaza fomu ya maoni ya wageni, nikaandika kwamba dereva wa kampuni ni mzee mwenye kiburi, anasimama ovyo njiani, na anafaa kubeba mbuzi, si watu. Nilitumia mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nina shahada mbili.

Nilikuwa nimeshalalamika mara tatu kwa jina langu mwenyewe, na mara zote tatu ofisi ya Nairobi ilinishukuru kwa maoni yangu. Nikagundua kwamba malalamiko ya mtu aliyevuka bahari husomwa na macho mengine. Wajerumani wangu hawakushukuriwa. Waliombwa radhi, na ndani ya wiki mbili Dereva aliondolewa kwenye gari la wageni akapewa lori la kusambaza maji.

Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kulala katika vitanda vya watu. Kampuni ya utalii hunituma kwenye hoteli, kambi na fukwe ili nipime magodoro, nionje supu, nifungue mabomba, kisha nigawe nyota. Rafiki zangu husikia neno "kambi ya kifahari" wakanionea wivu. Hawajanikuta nikiwa na miaka hamsini na mbili, nikijipangusa kwa taulo lenye mchanga, mjusi akinitazama kutoka kwenye kioo, nami nikitafuta namna ya kumwandika huyo mjusi kama sehemu ya mandhari. Kwa miaka mingi Turkana ilikuwa yangu, maana wenzangu wote walikuwa na sababu za kiafya za kutokwenda. Na kwenda Turkana kulikuwa ni kwenda na Dereva.

Nianze na kilichonichosha zaidi: kusimama. Kutoka Lodwar hadi Ghuba ya Ferguson si safari ndefu, mtu mwenye haraka huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikuwa tukifika wakati supu imeshapoa. Dereva alimsimamia kila mtu. Mchungaji na mbuzi wake, anasimama. Mama na mzigo wa makaa, anasimama. Mzee aliyelala chali chini ya mgunga, amefunika uso kwa shuka, anasimama, anazima injini, anangoja mzee aamke.

"Ejok," angesema, ndiyo hujambo ya kwao.

"Ejok nooi."

Hapo ndipo ingeanza. Umelala wapi, umetoka wapi, wanyama wanakunywa wapi, mvua umeiona upande gani, nani amehama, nani ameoa, ngamia wa fulani alipatikana? Mimi niko ndani, jasho linanitiririka mgongoni, fomu zangu zimenata kwenye mapaja.

"Mzee, tuna miadi saa nne."

"Miadi inatungoja, madam. Huyu anatembea."

"Sasa umemuuliza nini muda wote huo?"

"Nimemuuliza habari."

"Na habari ni nini?"

"Ni nzuri."

Hayo ndiyo yote niliyopata. Nusu saa ya mazungumzo, tafsiri yake neno moja.

Kumbukumbu yake ilikuwa ya kuudhi vilevile. Hakuandika kitu. Wageni wake wote aliwaweka kichwani, si kwa majina, bali kwa walichobeba na walichougua. Niliwahi kumpeleka mdogo wangu matembezi ya siku mbili huko. Miaka minne baadaye, nimetua tu uwanja wa ndege wa Lodwar, kabla sijapokelewa begi, Dereva akaniuliza, "Yule dada yako ya miwani, ule mguu yake wa kushoto ulipona?" Ilibidi nipige simu nyumbani niulize. Kulikuwa na mguu kweli, na ulikuwa wa kushoto. Mdogo wangu alilia kidogo kwamba mtu wa mbali anamkumbuka kuliko dada yake, jambo lililoniongezea hasira dhidi ya Dereva na si dhidi yangu.

Alikuwa mzee wa kanisa na hakuwasha gari siku ya Jumapili mpaka ibada iishe, hata kama mgeni ana ndege. Lakini tairi jipya hakuliacha liguse barabara kabla ya kulitemea mate kidogo ya baraka, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtoto. Niliwahi kumwona akilifanya hilo mbele ya wanandoa kutoka Nairobi waliokuja fungate. Bibi harusi aliuliza kama gari lina tatizo. "Sasa haina," Dereva akamjibu.

Kuhusu samaki sijui niseme nini. Mwenye kambi mmoja kule ghubani alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye sato wa kuchoma. Ameandika kwenye ubao, ameweka na picha. Siku niliyokwenda kumpima, nina wageni sita mezani, mmoja akamgeukia Dereva, akamuuliza wenyeji humla vipi samaki huyu. Dereva akafikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Samaki ni ya mtu ambaye mbuzi yake imeisha," akasema.

Uma zikasimama. Mwenye kambi akanitazama kana kwamba nimemletea nyoka. Nikajitahidi kucheka kwa niaba ya wote. Na jioni ile ile, tunaondoka Kalokol, mji wa jirani, huyo huyo Dereva akasimamisha gari, akashuka, akarudi na furushi la samaki wakavu lililonukia mpaka kwenye nywele zangu. Mke wake ni mtu wa ziwani.

"Kwa hiyo mbuzi wako wameisha?" nikamuuliza.

"Ya mke wangu ndiyo imeisha," akajibu. "Yangu iko."

Hoteli alizipima kwa njia yake, na kwa hasira yangu kubwa njia yake ilikuwa bora. Hakuingia ndani. Alikaa nje na walinzi, akanywa chai, na tukiondoka angesema maneno machache: "Hapa mpishi anahama." "Hapa kisima ina chumvi, wanaweka sukari kwa jagi." Bwawa la kuogelea hakulipa hata dakika. Kule Kerio nilimwonyesha moja, dogo, la samawati, lililochimbwa hatua chache kutoka ziwani. Akalizunguka taratibu kama anayenunua ng'ombe.

"Mtu ametoka Nairobi kuja kuoga kwa sufuria," akasema, akarudi garini.

Sasa nifike kwenye laga. Laga ni mto usio na maji. Mwaka mzima ni mchanga tu, mweupe, laini, wenye mikoma na migunga pembeni, mahali pazuri kuliko pote katika nchi ile ya mawe. Basi kijana mmoja mwerevu alikuwa amesimamisha mahema sita meupe katikati ya laga moja kati ya Lodwar na Kakuma. Vitanda vya mbao, mashuka ya pamba, beseni za shaba. Katika miaka yangu yote ya Turkana, hapo ndipo mahali pa kwanza nilipopewa mto wa kulalia usionuka mto wa kulalia wa mtu mwingine. Nyota tano nilishaziandika kichwani kabla ya kuvua viatu.

Dereva alikataa kushusha gari kwenye mchanga. Aliliacha juu ukingoni, na mimi nikaburuta begi la magurudumu mchangani, mbele ya wafanyakazi wote wa kambi waliojipanga kunikaribisha kwa sharubati. Yeye akakaa juu kule, akasalimiana na wapita njia mchana kutwa. Siku ya pili, saa tisa alasiri, nimejilaza, nimeweka vitambaa vya baridi machoni, nikasikia zipu ya hema. Dereva. Hakuwahi kuingia katika chumba changu. Akaanza kutia nguo zangu begini.

"Mzee! Una wazimu?"

"Toka, madam. Watu ya Loima wanasema huko juu kumenyesha."

"Nje kuna jua!"

"Hapa kuna jua. Maji haitoki hapa."

"Mwenye kambi amesema laga hii haijashuka maji miaka mingi."

"Mwenye kambi ni ya wapi?"

Nilitoka. Nilitoka kwa sababu alikuwa ameshachukua viatu vyangu. Nilipanda ukingo bila viatu, kitambaa kimoja bado kimenibandika kwenye shavu, mpishi ameegemea mkoma anacheka, mwenye kambi anapiga kelele kwamba huu ni uharibifu wa biashara. Tukakaa ukingoni kungoja maji.

Maji hayakuja. Hayakuja siku ile, hayakuja kesho yake. Siku ya tatu nilirudi Lodwar nimeungua pua, nikafunga mlango, nikachukua fomu, nikahamisha kalamu kwenye mkono wa kushoto.

Nilidhani atanikasirikia, au atanishuku. Ningeweza kuishi na lolote kati ya hayo mawili. Lakini Dereva aliisoma barua ya ofisi, au alisomewa, na akaiamini. Karatasi ilikuwa na muhuri. Ilisema Wajerumani wawili, mume na mke mwenye kofia, mwezi fulani. Tulipokutana tena baadaye, Lokichar, yeye ameegesha lori la maji, mimi niko na dereva mpya, alinijia akavua kofia.

"Madam, wale Wajerumani yangu. Wewe unajua watu wa ng'ambo. Uliwaona?"

"Wajerumani gani?"

"Wale walikasirika."

"Sikuwaona," nikasema. "Wajerumani ni watu wagumu, mzee. Usiwaweke moyoni."

Na kila nilipokwenda ikawa hivyo. Ananiuliza kama nimesikia habari zao. Anauliza kama yule bibi ya kofia ni mzima. Safari moja aliniomba, nikikutana na watu wa nchi yao, niwafikishie pole. Nilisema nitafikisha. Nikajisikia kama mtu aliyefukia kitu bustanini na jirani yake kila siku anakuja kukimwagilia maji.

Dereva mpya, kwa upande wake, alikuwa kila kitu nilichokuwa nimeomba. Hakusimamia mtu. Alitufikisha mapema kila mahali, kasoro siku alipotufikisha mapema mahali tusipokuwa tukienda, na nyingine yeye na wageni wa kampuni walipokesha upande wa pili wa laga iliyojaa maji, ilhali wenyeji wote walikuwa wamevuka asubuhi. Ofisi ikaanza kuchoka. Mwaka huu wameandaa safari mpya ya siku saba, Lodwar, ziwa na Kakuma, na meneja akaniambia kwa simu, "Wale Wajerumani wameshasahau. Mrudishe yule mzee. Anakusikiliza wewe."

Nilimfuata Kakuma. Anapofikisha maji upande ule, hula mchana kwa mama mmoja Mkongo mwenye hoteli ndogo ya samaki katika kambi ya wakimbizi, mabati ya samawati na viti vya plastiki, ambayo nami nilikuwa nimetumwa kuipima. Wageni wa siku hizi wanataka kula mahali wenyeji wanapokula. Mama alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu mama, kamata kiti. Tuko na byumba mbili. Kimoja kiko na maji, kingine kiko na moto ya taa. Vyote pamoja, hapana, ile ni ya mwaka ujao."

Dereva alikuwa kwenye kona, amezeeka mashavuni. Kando ya sahani yake kulikuwa na daftari la shule, la kurasa zenye miraba, na kalamu imefungwa kwa uzi. Alipoinuka kunisalimia, alifungua daftari kwanza, akaandika kitu, akalifunga.

"Unaona?" mama akaniambia. "Tangu lini mzee anaandika watu kama polisi? Nimemwambia, papa, mimi unanijua myaka kumi, unaniandika ya nini?"

"Wacha kelele, mama ya samaki," Dereva akasema, lakini hakucheka.

Nikamweleza ujumbe wa ofisi. Gari jipya, wageni wazuri, kofia yenye nembo. Nilitumia sauti yangu ya kugawa nyota tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani.

"Hapana, madam. Mimi kichwa imeharibika."

"Nani kasema?"

"Wale Wajerumani." Akajigusa paji. "Mimi nilibeba watu miaka yote. Nakumbuka mpaka mbuzi ya mtu. Lakini hao wawili, nimetafuta. Usiku natafuta, kwa barabara natafuta. Sioni hata kofia. Mtu ameketi kwa gari yangu, amekasirika mpaka akaandika barua, na mimi sina yeye. Mtoto wangu msichana alinipeleka kwa daktari. Daktari akanipa dawa ya maumivu ya kichwa. Kichwa hainiumi! Imepotea tu."

"Mzee, kila mtu husahau."

"Mwenye kukaa ofisi asahau. Mimi mtu akiniambia mvua iko wapi na nikasahau, nitaua watu." Akafungua daftari, akanionyesha kurasa: mama na punda wawili, Makutano; mzee ya jicho moja, hajambo; mtoto mgonjwa, uliza tena. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeanza kuandika akiwa mzee. "Sasa ni hivi. Nasimama kwa boma, nasoma kwanza kama nilisimama jana."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na haja hata ya ujasiri mkubwa. Sentensi moja ingetosha, na mimi hulipwa kwa sentensi. Nilifungua mdomo nikamuuliza mama kama magodoro yake ni ya sponji au ya pamba.

"Ni ya kulala," mama akanijibu, akinitazama kwa namna iliyonifanya nimalize chai haraka.

Nilirudi Lodwar. Siku mbili nilijaribu kuandika taarifa. Niliwaza kumwambia meneja tu, abadilishe rekodi kimyakimya, Dereva aitwe bila maelezo. Lakini rekodi ya meneja haikuwa na ugonjwa wowote; aliyejiona mgonjwa alikuwa Dereva. Siku ya tatu, kama saa tano asubuhi, nimekaa kwenye baraza ya hoteli naondoa mchanga kwenye kibodi kwa kijiti cha kibiriti, simu ikalia. Alikuwa yeye. Nyuma yake nilisikia lori likinguruma.

"Madam, ejok."

"Ejok, mzee."

Akaniuliza nimelalaje, nimekula, mdogo wangu ni mzima, Lodwar kuna upepo. Nilijibu yote. Kisha akasema, "Nakusumbua kidogo. Wale Wajerumani, ofisi haiwezi kukosa jina yao. Niulizie. Nataka kuandika kwa daftari. Labda nikiandika nitawaona."

Naungama kwamba majina yalikuja. Yalikuja mawili, mazuri, ya Kijerumani kabisa, yakasimama kwenye ulimi wangu yamevaa na viatu.

"Mzee, hawana majina."

"Kila mtu iko na jina."

"Hawakuwapo. Ile karatasi niliandika mimi. Ni kwa ajili ya siku ile ya laga."

Lori likazimwa.

"Yule bibi ya kofia?"

"Hakuwapo."

"Na mzee yake?"

"Hakuwapo, mzee. Hata mmoja."

Akaanza kuhesabu taratibu, si na mimi. "Ule mwezi nilibeba sista wawili ya Kakuma, mmoja na redio. Nilibeba watu watatu ya kupima barabara Lokichar, yule mfupi alikuwa na kikohozi. Nilibeba Mhindi ya kamera na mama yake, mama hakupenda chai yetu. Nilibeba wewe." Akavuta pumzi. "Hakuna mwingine."

"Hakuna mwingine," nikasema. "Mzee, naomba..."

"Ngoja."

Nikasikia mlango wa lori ukifunguliwa na miguu ikikanyaga kokoto. Akamwita mpita njia kwa Kiturkana, kwa sauti kubwa ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miaka, na huyo mtu akamjibu kwa mbali, na wote wawili wakawa wanasema kwa pamoja. Kama walikuwa wakicheka au wakigomba, sikuweza kutambua. Nilishika simu kwa mikono miwili. Aliporudi, alikuwa akihema kidogo.

"Ambia ofisi nakuja Jumatatu," akasema. "Gari waangalie breki. Lakini wewe, madam, sikubebi."

Akakata.